Je, ni Lazima Ucheze Ndipo Ufurahie Maisha ya Chuo?



Ndugu zangu katika imani, kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wanafunzi wapya wanapofika na magodoro yao na masanduku yao, kuna swali wanaloulizwa kabla hata hawajajua maktaba iko upande gani: "Unacheza nini?" Huulizwa na wenzao wa chumba, huulizwa na wanaopanga timu za mabweni, na huulizwa pia, tena kwa nia njema kabisa, na ndugu wa jumuiya yetu nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Anayejibu "mpira" hupata marafiki kumi papo hapo. Anayejibu "kikapu" au "voliboli" hupata watano. Anayejibu "sichezi" huambiwa, "Basi utamu wa chuo utauonaje?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kwa miaka mitatu niliyokaa hapa Kampala, na nimeona linastahili jibu refu kuliko lile linalotolewa mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao.

Kwanza niseme nimesimama wapi. Mimi sichezi mchezo wowote, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya daktari. Nilizaliwa na selimundu, na mtu mwenye maradhi haya akijikimbiza mpaka akaishiwa pumzi na maji mwilini anaweza kuamsha maumivu ya mifupa yatakayomlaza kwa siku kadhaa. Sababu ya pili ni yangu mwenyewe: sipendi. Hata ningekuwa mzima wa damu, Jumapili jioni ningeona raha zaidi kukaa na kitabu, au na watu wa kuzungumza nao, kuliko kuufukuza mpira.

Nimegundua kwamba nikitoa sababu ya kwanza watu hunihurumia na kuniombea dua. Nikitoa ya pili, hunitazama kama mgeni aliyekataa chakula cha mwenyeji. Kwa hiyo makala hii inahusu sababu ya pili. Mgonjwa ameshapewa udhuru na dini na akili vilevile. Hana kesi ya kujibu. Swali gumu ni la mtu mzima wa afya ambaye hapendi tu. Je, mtu huyo amekosa raha ya chuo? Na zaidi ya hapo, je, amekosea?

Hoja ya wanaocheza

Sitaki kuifanya hoja ya wenzangu iwe nyepesi ili niiangushe kwa urahisi. Hoja yao ni nzito. Kijana wa Kiislamu chuoni ana milango michache ya starehe. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi, jiji hili halina uhaba wa mahali pa kumpotezea mtu dini yake na ada yake kwa pamoja. Uwanja ni miongoni mwa sehemu chache ambapo anaweza kucheka, kupiga kelele, kutoka jasho, kisha akarudi chumbani bila ya kuwa na jambo la kulitubia.

Tena uwanjani watu husawazishwa. Mtoto wa mbunge na mtoto wa muuza mkaa huvaa jezi moja. Mganda, Mnyankole, Mlugbara na Msomali hupeana pasi bila kuulizana makabila. Kuna watu wamekaa darasa moja mwaka mzima bila kusemeshana, wakaja kujuana kwa kugongana magoti katika mechi moja.

Na kuna funzo la kushindwa. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akamshinda. Masahaba walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kwamba ni haki kwa Allah kukishusha kila kilichoinuka katika dunia hii. Anayecheza kila wiki hupata darsa hiyo kwa miguu yake mwenyewe, na mimi sikatai kwamba wengi wetu tunaosoma vitabuni huihitaji.

Basi kama hoja ni nzito hivyo, kwa nini siikubali yote? Kwa sababu ukiipima vizuri utakuta imebeba mizigo mitatu katika gunia moja: mazoezi, mchezo, na urafiki. Mizigo hii si kitu kimoja, na hukumu zake hazilingani.

Mazoezi, mchezo na urafiki

Tuanze na mazoezi. Mwili ni amana. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa hata ibada haihalalishi kuudhulumu mwili, basi usomaji wa mitihani hauwezi kuhalalisha, na uvivu ndio kabisa hauwezi. Kwa hiyo kuutunza mwili si hiari.

Lakini haki ya mwili haina sharti la goli na refa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kutembea kwa haraka ni miongoni mwa mazoezi hayo. Hebu tupige hesabu. Mwanafunzi ambaye hosteli yake iko umbali wa dakika tano kutoka msikitini, akienda na kurudi kwa swala tano, ametembea dakika 50 kwa siku, yaani 350 kwa wiki. Akienda kwa swala tatu tu, ametembea dakika 210. Na tukumbuke kwamba Kampala ni mji wa vilima. Hapa hata kwenda kununua rolex ni kupanda na kushuka. Anayetaka kuutekelezea mwili haki yake ana njia mbele ya mlango wake, mradi asiite bodaboda kwa kila mwendo wa hatua mia mbili.

Mzigo wa pili ni mchezo wenyewe. Mchezo usio na kamari, usioacha wazi uchi wa mtu na usiopitisha swala, asili yake ni mubaha. Iko michezo iliyotajwa kwa sifa, kama kulenga shabaha na kupanda farasi, lakini hakuna anayesema kwamba mpira wa miguu ni wajibu. Na maana ya mubaha ni kwamba anayeufanya hana lawama na anayeuacha hana lawama. Mtu asiyependa mpira ni kama mtu asiyependa matooke. Unaweza kumshangaa, hasa ukiwa mwenyeji wa Buganda, lakini huwezi kumhukumu.

Mzigo wa tatu ni urafiki, na hapa ndipo penye uzito wote. Ukimwuliza mchezaji aliyemaliza chuo miaka kumi iliyopita akumbuke nini, mara nyingi hatakutajia magoli. Atakutajia watu: nani alimbeba alipoteguka kifundo, nani alimkopesha nauli ya kwenda mazishini, nani walikula naye posho na maharage baada ya kufungwa matano kwa bila. Raha aliyoipata ilikuwa ya watu hao. Uwanja ulikuwa mahali walipokutania tu.

Muumini mwenye nguvu

Wapo watakaoniambia, "Umesahau hadithi ya muumini mwenye nguvu." Sijaisahau. Imo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, nayo inafundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu. Huandikwa mara nyingi kwenye matangazo ya mashindano yetu. Ninachosikitika ni kwamba tangazo huishia hapo, ilhali hadithi inaendelea na kusema kuwa katika kila mmoja wa hao wawili kuna kheri. Imam Nawawi, katika maelezo yake juu ya hadithi hii, ameielezea nguvu inayokusudiwa kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya akhera. Nguvu ya misuli ni neema, na ni nzuri ikitumika vizuri, lakini kuifanya hadithi yote kuwa tangazo la mazoezi ya vyuma ni kuipunguza.

Na kama tunataka kujua miguu ina uzito gani katika dini yetu, tumwangalie Abdullah bin Masud (r.a.). Alikuwa mtu mdogo wa umbo mwenye miundi myembamba. Imepokewa na Imam Ahmad kwamba siku moja alipanda mti wa mswaki, upepo ukawa unampeperusha, na watu waliokuwapo wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanacheka nini. Wakasema, wembamba wa miundi yake. Akaapa kwamba miundi hiyo katika mizani ni mizito zaidi kuliko mlima Uhud.

Tukizingatie kisa hiki. Mtume (s.a.w.) hakumpa Ibn Masud udhuru, kwamba mwacheni, ndivyo alivyoumbwa. Alibadilisha mizani yenyewe. Masahaba walikuwa wanapima kwa jicho, naye akawaonyesha kipimo kingine. Na Ibn Masud huyu huyu ni mmoja wa watu wanne ambao Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza watu wajifunze Qur'ani kutoka kwao. Jumuiya ya kwanza ilimpa nafasi kwa alichokuwa nacho. Haikumwambia angoje mpaka anenepe.

Kwa upande mwingine, hakuna atakayesema kwamba Mtume (s.a.w.) aliuchukia mchezo. Alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) safarini, mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume (s.a.w.) akamshinda. Lakini yuko Bi Aisha mwingine pia, yule wa siku ya Idi, Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini. Siku hiyo yeye hakucheza. Alisimama nyuma ya Mtume (s.a.w.) akitazama, naye Mtume akamsubiri mpaka alipotosheka mwenyewe. Mtu yule yule, siku moja alikimbia na siku nyingine alitazama, na katika hali zote mbili alifurahi na alikuwa pamoja na mtu aliyempenda. Ninaona hapo kuna jibu la nusu ya swali letu.

Nusu nyingine ya jumuiya

Hapa nawakumbusha ndugu zangu wa kiume jambo ambalo dada zetu hawahitaji kukumbushwa. Kama kucheza ndiyo sharti la kuonja utamu wa chuo, basi kwa miaka mingi tumewahukumu dada zetu waishi chuoni bila utamu. Uwanja una zamu za wanaume kuanzia Alasiri mpaka Magharibi. Sehemu ya stara ni nadra. Hata katika mashindano ya kimataifa, FIFA ilikataza hijabu mwaka 2007 na haikuiruhusu rasmi katika kanuni zake hadi 2014, na shirikisho la kikapu, FIBA, likafuata mwaka 2017. Dada anayependa mchezo na akakosa mahali pa kuchezea amedhulumiwa, na tunapaswa kumtafutia nafasi.

Lakini je, dada hao wameishi bila raha muda wote huo? Waulizeni. Wana halaqa ambazo hazijawahi kukosa watu, wana vikundi vya kusoma vinavyotoa matokeo mazuri kuliko yetu, wanatembeleana wakiumwa. Walijenga maisha ya chuo bila kiwanja, kwa sababu hawakuwa nacho. Kama raha ingekuwa kwenye nyasi za uwanja, wasingeipata.

Mlango wa jumuiya

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka jana alikuja kijana wa mwaka wa kwanza, mpole, kutoka mbali na hapa. Wakati huo mikutano yetu ya kuwakaribisha wageni ilikuwa imehamia uwanjani siku za Jumapili. Alikwenda mara mbili. Aliwekwa golini, kama anavyowekwa kila asiyejua, akafungwa, watu wakacheka kicheko cha kawaida kisicho na ubaya. Jumapili ya tatu hakuonekana. Taratibu akaacha pia darsa za Jumatano, na Ramadhani ilipoingia alikuwa anafuturu peke yake chumbani kwa chapati na soda, huku jamaa wamejaa msikitini. Nilipomwuliza, alinijibu kwa adabu, "Kaka, nilidhani jumuiya ni ya wanaocheza."

Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemdharau kwa makusudi. Ila tuliuweka mlango wetu mahali ambapo yeye hakuweza kupita, kisha tukadhani hakutaka kuingia. Na hapa ndipo ninapoona swali la michezo linageuka kuwa swali la haki. Udugu baina ya Waislamu ni wajibu. Mchezo ni mubaha. Haifai kitu ambacho mtu ana ruhusa kamili ya kukiacha kiwe sharti la kukipata kile ambacho ni haki yake kwetu.

Kijana huyo alirudi, alhamdulillahi, wala hakurudi kwa mawaidha. Katikati ya Ramadhani kamati ya futari ilihitaji mtu wa kuandika hesabu ya mchele, tende na sukari, na yeye anasoma uhasibu. Wiki ya pili tayari alikuwa anagombana na wapishi juu ya mafuta yanayopotea. Sijawahi kumwona amefurahi kama siku zile. Alikuwa na watu wanaomngojea, na asipofika, simu yake inalia. Ukiniuliza raha ya chuo ni nini, baada ya kutafakari sana sina jibu bora kuliko hilo: kuwa na mahali ambapo usipofika, kuna atakayeuliza uko wapi. Wengine mahali hapo hupapata uwanjani. Wengine hupapata jikoni, maktabani, katika mdahalo, au katika halaqa ya baada ya Alfajiri.

Tahadhari kwa wenzangu

Haki inanitaka niwageukie pia wenzangu tusiocheza, kwani nasi tuna maradhi yetu. Wapo miongoni mwetu wanaojiona bora kwa sababu hawakimbizi mpira. Husema "sisi ni watu wa elimu," na kumbe saa mbili wanazowacheka wenzao uwanjani, wao wamezitumia kwenye simu wakiwa wamelala. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba neema mbili watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na nafasi. Aliyecheza mpira kisha akaswali Magharibi kwa wakati hakupata hasara. Aliyelala na simu mpaka Alfajiri ikampita amezipoteza zote mbili. Kutopenda michezo ni halali. Kuugeuza kuwa kiburi, au kuwa kisingizio cha kuutelekeza mwili, si halali.

Kwa wenye kupanga mambo ya jumuiya, napendekeza tuitazame tena ile hadithi ya mashindano ya farasi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kutoka Hafyaa hadi Thaniyatul Wadaa, masafa ambayo wapokezi wameyakadiria kuwa maili tano au sita. Farasi ambao hawakufanyiwa mazoezi aliwashindanisha kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja tu. Hakuwaacha nje wasio na mazoezi, wala hakuwalazimisha mbio za wenzao. Kila kundi lilipangiwa masafa yake. Nasi tunaweza kuwa na mechi ya Jumapili kwa wanaoipenda, matembezi ya Jumamosi asubuhi kwa wanaotaka kuutunza mwili bila ushindani, muda na mahali pa stara kwa dada zetu, na mkutano wa kuwakaribisha wageni ufanyike msikitini au penye chai, ambapo kila mtu anaweza kukaa.

Na swali letu kwa mgeni tulibadilishe. Badala ya "unacheza nini?", tumwulize "unaishi wapi, na tukukute saa ngapi?" Mchezaji atasema uwanjani Alasiri. Mwingine atasema maktabani baada ya Isha. Kazi yetu ni kwenda kumkuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la mlangoni ni hili: hapana, si lazima ucheze ndipo ukifurahie chuo. Ni lazima uutunze mwili wako, kwa sababu si wako peke yako. Na ni lazima uwe na ndugu, kwa sababu chuo bila ndugu ni kirefu sana. Ukiyapata hayo mawili kwa mpira, Allah akubariki na akulinde na majeraha. Ukiyapata kwa njia nyingine, usimwombe mtu yeyote radhi.

Wabillahi tawfiq.